Leza ya kupunguza mafuta: neno "imeidhinishwa" lina maana gani?

Ukipita mjini siku hizi, au ukifungua WhatsApp na Facebook, hukai sana kabla ya kukutana na tangazo la kliniki au saluni inayoahidi kupunguza kitambi kwa leza, bila kisu na bila kulazwa. Chini ya picha mara nyingi huandikwa: "Mashine yetu imeidhinishwa na FDA." Ukifika mahali penyewe, utaona leseni ya biashara ya kaunti imetundikwa ukutani kama sheria inavyotaka.

Wakazi wengi huchukulia vitu hivyo viwili kuwa ushahidi tosha kwamba mashine ni salama na kwamba anayeitumia amehitimu. Sivyo. Maneno ya tangazo yanahusu sheria ya Marekani, tena kwa mkato. Leseni ya kaunti nayo inaruhusu biashara ifunguliwe; haijapima mashine. Makala haya yanaeleza kila karatasi inasema nini, isichosema ni nini, na maswali ya kuuliza kabla hujatoa pesa zako.

Leza hufanya nini kwa mafuta?

Leza ni mwanga uliokusanywa na kuelekezwa mahali pamoja. Mashine zinazotangazwa kwa kupunguza mafuta hazifanani, na tofauti zake ni kubwa.

Aina ya kwanza hupitishwa chini ya ngozi. Daktari hutia dawa ya ganzi, hutoboa ngozi, kisha huingiza waya mwembamba unaobeba mwanga hadi kwenye mafuta yenyewe. Joto huyeyusha mafuta, na mara nyingi hufyonzwa kwa mrija. Mashine ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani ilikuwa SmartLipo, mwaka 2006. Ilitengenezwa na kampuni ya DEKA ya Italia na kuuzwa Marekani na kampuni ya Cynosure. Tangazo linaweza kusema "bila kisu", lakini penye tundu, ganzi na mrija, huo ni upasuaji.

Aina ya pili hukaa juu ya ngozi na kupasha mafuta joto kutoka nje. Mfano ni SculpSure, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015. Hutumia mwanga wa urefu wa nanomita 1060, ambao macho hayauoni, na hupasha mafuta hadi kati ya nyuzi 42 na 47 za Selsiasi kwa takriban dakika 25 huku ngozi ikipozwa. Baadhi ya seli za mafuta hufa, na mwili huziondoa polepole. Matokeo hujitokeza baada ya wiki 6 hadi 12, si jioni ile ile.

Aina ya tatu hutumia mwanga hafifu usiopasha joto. Mfano ni Zerona ya kampuni ya Erchonia, yenye mwanga mwekundu wa nanomita 635, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010. Maelezo ya watengenezaji ni kwamba mwanga huo hufanya seli za mafuta zivujishe mafuta yaliyomo. Wanasayansi wameendelea kubishana kuhusu jinsi jambo hilo linavyotokea.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Je, ni leza?" bali "Ni leza ya aina gani?" Hatari ya mwanga hafifu juu ya ngozi si sawa na hatari ya waya wa moto chini yake.

"Kuruhusiwa" na "kuidhinishwa" ni vitu viwili

FDA ni Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Tangu sheria ya vifaa vya matibabu ya mwaka 1976, imekuwa ikigawa vifaa katika madaraja matatu kulingana na hatari. Daraja la kwanza lina vitu vya hatari ndogo kama bandeji. Daraja la tatu lina vitu ambavyo hitilafu yake inaweza kuua, kama kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kurekebisha mapigo ya moyo. Leza za kupunguza mafuta ziko katika daraja la pili, katikati.

Kifaa kipya cha daraja la tatu kwa kawaida hupitia njia ndefu: kampuni lazima ithibitishe kwa utafiti wa kina kwamba ni salama na kinafanya kazi. Kikifaulu, ndipo FDA husema kimeidhinishwa.

Vifaa vingi vya daraja la pili hupitia njia fupi inayoitwa 510(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria. Hapa kampuni huonyesha kwamba kifaa chake kinalingana kwa kiasi cha kutosha na kingine ambacho tayari kinauzwa kihalali. Si lazima kila mara kampuni ifanye utafiti mpya kwa binadamu. FDA ikiridhika, hutoa ruhusa ya kuuza, na yenyewe haiiti ruhusa hiyo idhini.

Fikiria mtu anayetaka kuingiza modeli mpya ya jiko la gesi sokoni. Njia ndefu ni kulijaribu jiko hilo tangu mwanzo, kila sehemu. Njia fupi ni kuonyesha kwamba limeundwa kama jiko fulani ambalo watu tayari wanalitumia, na kwamba tofauti zilizopo hazileti hatari mpya. Njia ya pili si ya udanganyifu. Ni halali na ina faida zake, kwa sababu hakuna haja ya kuanza upya kila mara. Lakini nguvu yake inategemea lile jiko la kwanza.

Kuna neno la tatu linalowachanganya watu: "imesajiliwa na FDA". Usajili huo ni orodha tu ya viwanda na bidhaa. Kampuni hulipa ada na kujaza fomu. FDA yenyewe imeeleza kwamba kusajiliwa hakumaanishi kukubaliwa, na kwamba haitoi cheti cha usajili. Ukionyeshwa cheti kilichopambwa kwa mhuri wa tai na maneno ya usajili wa FDA, jua hakikutoka FDA.

Ruhusa huwa na mipaka

Hata mashine iliyoruhusiwa kweli haikuruhusiwa kwa kila kitu. Kila ruhusa hutaja kazi ya kifaa, sehemu za mwili na watu wanaofaa.

SculpSure, kwa mfano, iliporuhusiwa kwa tumbo na mbavu, ilikuwa kwa watu ambao kipimo chao cha uzito kwa urefu, yaani BMI, hakizidi 30. Unaweza kujipima nyumbani. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Mtu mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.6 hupata takriban 32. Huyo amepita mpaka wa ruhusa hiyo. Akilipia huduma ya tumbo, analipia jambo ambalo karatasi ya FDA haikulitaja.

Tena, mashine hizi ziliruhusiwa kwa ajili ya kubadilisha umbo, si kutibu unene. Huyagusa mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Hazifikii mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Mtu anaweza kupunguziwa sentimita mbili za kiuno na sukari yake ikabaki pale pale. Tangazo likidai kwamba leza itakuondolea kisukari au kupunguza uzito kilo kumi, dai hilo halina ruhusa ya kuliunga mkono.

Soma namba kwa makini

Matangazo hupenda namba. Utafiti wa Zerona uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha watu 67. Nusu hivi walipata leza ya kweli, waliosalia walipata mwanga wa bandia bila kujua. Baada ya wiki mbili, waliopata leza walikuwa wamepungua kwa wastani wa inchi 3.51, yaani karibu sentimita 9. Wale wa mwanga wa bandia walipungua kwa inchi 0.68, chini kidogo ya sentimita 2.

Sentimita 9 zinasikika nyingi. Lakini hizo ni jumla ya vipimo vya kiuno, nyonga na mapaja yote mawili. Ukigawanya kwa sehemu nne, ni zaidi kidogo ya sentimita 2 kwa kila sehemu. Hayo ni mabadiliko ya kweli, ila si yale ya picha za "kabla" na "baada" zinazosambazwa kwenye simu. Ukitajiwa sentimita, uliza: zimepimwa wapi, zimejumlishwa vipi, na zilidumu kwa muda gani?

Ruhusa si mwisho wa habari

Utafiti wa watu makumi au mamia machache hauwezi kuonyesha madhara yanayompata mtu mmoja kati ya maelfu. Mengine hujulikana baada ya mashine kuingia sokoni.

Mfano mzuri unatoka kwa kifaa jirani kisichotumia leza, CoolSculpting, kinachogandisha mafuta kwa baridi. FDA ilikiruhusu mwaka 2010. Mwaka 2014 madaktari walichapisha taarifa ya kwanza ya hali ambapo mafuta, badala ya kupungua, yaliongezeka na kuwa magumu mahali palipogandishwa. Mwaka 2021 mwanamitindo maarufu wa Canada, Linda Evangelista, alitangaza hadharani kwamba hali hiyo ilimpata. Kwa wengi wa waliopatwa nayo, njia ya kuiondoa ilikuwa upasuaji, yaani kile walichotaka kukiepuka tangu mwanzo.

Ndiyo maana kuripoti madhara ni muhimu. Mkazi anayenyamaza kwa aibu anamwacha jirani yake aingie mlango ule ule bila onyo.

Alama ya CE kutoka Ulaya

Mashine nyingine huja na herufi CE. Hii ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Herufi hizo huonekana hata kwenye chaja ya simu na vitu vya watoto kuchezea, hivyo peke yake hazithibitishi kwamba kifaa kimechunguzwa kama cha matibabu.

Kanuni mpya ya Ulaya kuhusu vifaa vya matibabu, iliyoanza kutumika Mei 2021, inataja waziwazi mashine za kupunguza au kuharibu mafuta mwilini, hata zinapotumika kwa urembo tu. Ulaya ilikubali kwamba mwili hautofautishi joto la urembo na joto la matibabu. Kwa vifaa vya hatari ya kati na zaidi, alama ya CE hufuatwa na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyokagua. Ukionyeshwa CE, tafuta namba hiyo.

Hapa Kenya, nani anasimamia nini?

Ruhusa ya FDA inahusu soko la Marekani. Haimpi mtu haki ya kutumia mashine hapa. Nchini Kenya majukumu yamegawanywa hivi:

Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, husimamia dawa na vifaa vya matibabu kwa mujibu wa Sura ya 244 ya Sheria za Kenya. Hiyo ndiyo ya kuulizwa kama mashine imesajiliwa nchini.

Baraza la Matabibu na Madaktari wa Meno, KMPDC, husajili madaktari na kutoa leseni kwa vituo vya afya. Daktari huhitaji leseni ya kila mwaka, na kituo huhitaji yake. Leseni ya kituo hutolewa kwa ngazi maalumu, na kituo hakiruhusiwi kufanya upasuaji ulio juu ya ngazi hiyo.

Serikali ya kaunti, kupitia Idara ya Afya, husimamia vituo vya afya vya kaunti, na maafisa wa afya ya umma hukagua usafi wa majengo ya biashara. Idara ya biashara hutoa leseni ya kila mwaka ya kufanya biashara.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu karatasi yetu wenyewe. Leseni ya biashara ya kaunti inaonyesha kwamba mwenye duka amelipa ada na kutaja aina ya shughuli zake. Haisemi kwamba mashine iliyo ndani ni halisi. Haisemi kwamba anayeishika ni daktari. Saluni yenye leseni ya kusuka nywele na kupaka kucha haina ruhusa ya kutoboa ngozi kwa sababu tu leseni hiyo ina nembo ya kaunti. Yeyote anayekuonyesha leseni hiyo kama ushahidi wa usalama wa leza anaitumia vibaya.

Hatari hizi si za nchi za mbali. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo jijini Nairobi, na KMPDC ikaagiza kituo husika kifungwe. Kisa hicho kiliwafanya Wakenya wengi waulize kwa mara ya kwanza ni nani aliyeruhusiwa kufanya nini. Swali hilo linafaa kuulizwa kabla ya huduma, si baada ya mazishi.

Maswali saba ya kuuliza

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa faida, hatari na gharama ya huduma kwa lugha unayoielewa kabla ya kukubali. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, taarifa anazohitaji na fidia akidhurika. Kuuliza si ujeuri. Uliza haya:

1. Jina kamili la mashine na la mtengenezaji ni lipi? Soma kibandiko kwenye mashine yenyewe, si kwenye bango.

2. Je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Omba kuona ushahidi.

3. Kama mnasema FDA, namba ya ruhusa ni ipi? Ruhusa ya 510(k) huwa na herufi K ikifuatwa na tarakimu sita. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya FDA, na mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa simu bila malipo. Hakikisha jina la kifaa na la kampuni yanalingana na ya kibandiko.

4. Ruhusa hiyo ni ya sehemu gani ya mwili, na ni ya mtu mwenye BMI gani?

5. Nani atakayeishika mashine? Omba jina na namba ya usajili, kisha uhakikishe kwenye orodha ya KMPDC mtandaoni. Kama ngozi itatobolewa, lazima awe daktari, na kituo kiwe na leseni ya kufanya upasuaji.

6. Mna miwani ya kukinga macho kwa mteja na mhudumu? Leza zenye nguvu zinaweza kuharibu jicho kwa nukta moja, hata mwanga wake usipoonekana.

7. Nikiungua au nikizimia, mtafanya nini, na mtanipeleka hospitali gani?

Mwenye kituo halali hatakasirika. Akikukwepa, akikuharakisha kwa "ofa inaisha leo", au akikataa kutaja jina la mashine, hilo ni jibu tosha.

Nani asubiri kwanza?

Mjamzito au anayenyonyesha, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, na mwenye kifaa cha moyo wazungumze na daktari wao wa kawaida kwanza. Mwenye kisukari ambaye miguu au ngozi yake imekufa ganzi yuko hatarini zaidi, kwa sababu anaweza kuungua bila kuhisi.

Kuhusu ngozi nyeusi, mwanga wa nanomita 1060 au 1064 haunyonywi sana na rangi ya ngozi kama mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, hivyo ni salama zaidi kwetu. Lakini usalama huo hutegemea mipangilio ya mashine. Mkono usiofundishwa unaweza kuacha alama nyeusi zinazokaa miezi.

Ukidhurika, fanya hivi

Ngozi ikiungua, ipoze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala unga. Nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Nenda hospitali mara moja ukipata homa, wekundu unaosambaa, usaha, maumivu yanayozidi au shida ya kupumua. Baada ya ganzi, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, ladha ya chuma mdomoni au kuchanganyikiwa ni dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Usisubiri asubuhi.

Weka risiti, picha za jeraha zenye tarehe, jina la mashine na ujumbe wote mliotumiana. Kama tatizo ni mashine, ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ina mfumo wa mtandaoni wa kupokea taarifa za madhara. Kama tatizo ni mhudumu au kituo, peleka malalamiko kwa KMPDC. Na kama umeona biashara inafanya kazi ambayo leseni yake haikutaja, mwarifu afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo yako. Huhitaji kuwa umeumia ndipo uripoti.

Kutaka mwili unaokupendeza si kosa, na leza zilizothibitishwa zikiwa mikononi mwa waliohitimu zinaweza kusaidia baadhi ya watu kwa kiasi. Uamuzi ni wako. Uufanye ukiwa umeona jina la mashine, namba ya ruhusa na leseni ya anayeishika, vyote vitatu, kwa macho yako mwenyewe.